Wanklyn, O'Kane au Fluckey: umchague nani ukitaka kumfuatilia nahodha mmoja wa nyambizi?

Anayetaka kuelewa vita vya nyambizi vya miaka ya 1939 hadi 1945 hukutana na majina mengi mno, na karibu kila jina limepambwa kwa nishani. Njia niionayo mimi ni kumshika nahodha mmoja, ukamfuata doria kwa doria mpaka mwisho wake. Wengine utawaelewa upesi baadaye. Tabu ni kujua uanze na nani. Hapa ninawaweka watatu ubavu kwa ubavu: Mwingereza David Wanklyn wa HMS Upholder, na Wamarekani wawili, Richard O'Kane wa USS Tang na Eugene Fluckey wa USS Barb. Kila mmoja alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake, Wanklyn akipata Msalaba wa Victoria na wenzake Nishani ya Heshima ya Marekani. Lakini mmoja alipotea baharini na watu wake wote, wa pili alizamishwa na topido (bomu linalojiendesha majini) yake mwenyewe akaishia kambi ya mateka, na wa tatu alirudi nyumbani na wafanyakazi wake wakiwa wazima.

Wajerumani nimewaacha makusudi. Otto Kretschmer alizamisha tani nyingi kuliko nahodha yeyote wa vita vile, ila habari yake haieleweki bila kueleza kwanza misafara yote ya Atlantiki, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Tani zisikuchagulie

Wengi huanza kwa kuuliza nani alizamisha zaidi. Hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote, na nitaeleza kwa nini kabla hatujaenda mbali.

Baada ya vita, kamati ya pamoja ya jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani ilikaa na kumbukumbu za Wajapani ikalinganisha meli zilizodaiwa kuzamishwa na zile zilizozama kweli. O'Kane akabaki na meli 24, tani 93,824. Fluckey akabaki na meli 16 na theluthi, tani 95,360. Hiyo theluthi si kosa la chapa: ni meli moja iliyogawanywa kati ya nyambizi tatu zilizoishambulia pamoja. Kwa hiyo ukihesabu meli, wa kwanza ni O'Kane. Ukihesabu tani, ni Fluckey. Mashabiki wa kila upande wanaweza kubishana hadi alfajiri na wote wakawa sawa.

Zaidi ya hapo, hesabu zenyewe zinayumba. Katika doria yake ya tano O'Kane aliripoti kuzamisha meli 13; kamati ikampa 7. Usiku wa Fluckey katika bandari ya Namkwan, ambao ndio uliompatia nishani, tamko rasmi linasema topido 8 zilipiga meli 6. Kamati ilithibitisha meli moja iliyozama, Taikyo Maru. Hakuna aliyesema uongo. Usiku, kwa umbali wa kilomita mbili na zaidi, mlipuko mkubwa na moshi humfanya mtu aone anachotarajia kuona. Na kwa upande mwingine, wapo waliopitia tena kumbukumbu na kuipandisha hesabu ya Tang hadi meli zaidi ya 30. Tamko la nishani ya Wanklyn lilikuwa na busara ya kutenga meli alizozamisha kwa hakika na zile ambazo "huenda" alizizamisha.

Vyombo vyao havikulingana

Ukiwalinganisha manahodha bila kuangalia walichopewa, utamwonea Wanklyn. Upholder ilikuwa ya aina ya U, nyambizi ndogo ya urefu wa mita 58 hivi, ya jamii iliyobuniwa mwanzoni kwa ajili ya mafunzo. Ilikuwa na mirija michache ya kurushia topido, yote omo (mbele ya chombo), na topido chache kwa safari nzima. Juu ya maji haikufika noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa. Meli ya abiria iliyogeuzwa kubeba askari ilikuwa inaiacha mbali, kwa hiyo nahodha hakuweza kufukuza windo. Ilibidi awe tayari mahali litakapopita.

Tang na Barb zilikuwa na urefu wa mita 95, mirija 10 omo na tezi (nyuma), topido 24, rada, na mwendo wa noti 20 juu ya maji. O'Kane na Fluckey waliweza kuukosa msafara jioni, wakauzunguka usiku kucha kwa mbio wakiwa juu ya maji, na kuungoja mbele alfajiri. Halafu kuna bahari yenyewe. Maji ya Mediterania ni maangavu kiasi kwamba rubani huweza kuona kivuli cha nyambizi iliyokwisha kupiga mbizi. Pasifiki ina nafasi ya kujificha. Kati ya Sicilia na Libya nafasi hiyo ni finyu.

Wanklyn: aliyekaribia kuondolewa

Malcolm David Wanklyn alizaliwa Kolkata mwaka 1911. Alifika Malta na Upholder Januari 1941, kwenye kikosi cha nyambizi kilichokaa katika majengo ya zamani ya karantini ya kisiwa cha Manoel. Kazi ya kikosi kile ilikuwa moja tu: kukata njia ya meli za Italia zilizopeleka askari, mafuta na silaha Libya, ambako jenerali wa Kijerumani Rommel alikuwa anapigana. Kisiwa chenyewe kilipigwa mabomu kiasi kwamba kuna wakati nyambizi zilizokuwa bandarini zilitumia mchana zikiwa zimezama chini kabisa ya bandari, mabaharia waliotakiwa kupumzika wakiwa ndani.

Alianza vibaya. Baada ya pigo moja la mapema alikosa na kukosa tena, akatumia topido nyingi bila faida, na mkuu wa kikosi, George Simpson, akaanza kufikiria kumwondoa. Sehemu hii ndiyo inayonivutia kwake. Mwaka ule ule mtu huyu akawa nahodha bora wa jeshi la majini la Uingereza chini ya maji, na chombo kilikuwa kile kile kidogo.

Tarehe 24 Mei 1941, karibu na pwani ya Sicilia, jua likizama, alikuwa amebakiwa na topido mbili. Mitambo ya kusikilizia ilikuwa imeharibika. Nahodha wa nyambizi asiye na masikio hujua tu kile kinachoonekana kupitia periskopu, na periskopu wakati wa magharibi, kukiwa na mawimbi, haioni mbali. Akaona msafara wa meli za abiria zilizobeba askari, zikilindwa na manowari za mbio. Akasogea karibu. Manowari za ulinzi zikampotea kwenye giza, asijue iko wapi ipi. Alipokuwa karibu kutoa amri, moja ikachomoza gizani ikija kwa kasi, nusura imkanyage. Akaikwepa, akarudisha periskopu kwenye shabaha, akarusha zote mbili. Meli iliyopigwa ilikuwa Conte Rosso, tani karibu 18,000, ikiwa na watu zaidi ya 2,700. Wapatao 1,300 walikufa. Katika dakika 20 zilizofuata yaliangushwa mabomu ya kina 37, yale yanayolipuka chini ya maji, kuizunguka Upholder, na bila mitambo ya kusikilizia Wanklyn hakuwa na njia ya kujua wawindaji wanatokea upande gani. Alirudi bandarini bila topido hata moja.

Septemba 18 mwaka ule ule, karibu na Tripoli, alifanya jambo ambalo wajuzi wa kazi hii hulitaja kwanza kuliko Conte Rosso. Dira yake kuu ilikuwa imekufa. Upholder ilikuwa juu ya maji usiku, ikiyumba huku na huku, na usukani haukushika mwelekeo. Mbele yake zinapita meli mbili za abiria za tani 19,500 kila moja, Neptunia na Oceania, zimejaa askari. Akatumia ule ule myumbo: alirusha topido zake nne kwa mpangilio, kila mara omo ilipopita kwenye shabaha. Zote mbili zikapigwa. Neptunia ikazama. Akapiga mbizi, akajaza mirija upya, akarudi asubuhi na kuimaliza Oceania iliyokuwa imesimama. Safari hii manowari za Italia ziliokoa watu zaidi ya 5,000 majini, na waliokufa hawakufika 400. Tofauti hiyo na Conte Rosso nahodha hakuwa na mkono ndani yake.

Aprili 1942 alitoka kwa doria yake ya 25, ya mwisho kabla ya kurudishwa Uingereza. Alimshusha ofisa wa makomando na watu wake kwenye pwani ya Tunisia, akamchukua tena, na tarehe 11 akamhamishia nyambizi nyingine, Unbeaten, katikati ya bahari. Ofisa huyo alipona. Upholder haikusikika tena. Wanahistoria bado wanabishana iwapo ilizamishwa na manowari ya Kiitalia Pegaso tarehe 14 au iligonga bomu la kutegwa. Wanklyn alikuwa na miaka 30, ameoa Malta mwaka 1938.

Udhaifu wake kwa msomaji ni kwamba hakuacha neno lake mwenyewe. Utamjua kwa ripoti fupi za doria, tamko la nishani, na maneno ya wenzake waliompenda. Nahodha aliyekufa kijana na kupendwa na wote ni mgumu kumchunguza, kwa sababu kila anayemsimulia amekwisha kumsamehe.

Upande wetu wa habari hii

Kabla ya kwenda Pasifiki, nataka msomaji wa Afrika Mashariki aiweke Conte Rosso pembeni ya meli nyingine. Februari 1944 msafara uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, wakielekea vita vya Burma, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Nyambizi ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na manowari za Uingereza Paladin na Petard zikaangusha mabomu ya kina palepale, manusura wakiwa majini, mpaka I-27 ikaibuka na kuzamishwa.

Nahodha wa I-27 alifanya kilekile alichokifanya Wanklyn, kwa ustadi uleule, dhidi ya shabaha ya aina ileile. Mkuki kwa nguruwe. Ukisoma matamko ya nishani ukiwa na Khedive Ismail kichwani, utayasoma polepole zaidi.

O'Kane: fundi aliyelipa

Richard O'Kane alizaliwa Dover, New Hampshire, mwaka 1911. Kabla ya kupewa chombo chake alikuwa msaidizi wa kwanza wa nahodha Dudley Morton kwenye USS Wahoo, na Morton alikuwa na mtindo wa ajabu: wakati wa shambulio alimpa msaidizi wake periskopu, yeye akabaki kufikiria. Manahodha wengi wasingekubali kuyaacha macho yao kwa mtu mwingine. Kwa O'Kane ilikuwa shule isiyo na mfano, maana alipoingia Tang Oktoba 1943 alikuwa amekwisha kuziangalia meli nyingi zikipigwa kuliko manahodha wenye vyeo vikubwa kumzidi.

Wahoo ilimwachia pia jambo zito. Januari 1943, baada ya kuizamisha meli ya Buyo Maru, Morton aliamuru mashua za manusura zipigwe risasi. Miongoni mwa waliokuwamo majini walikuwa mateka Wahindi wa jeshi la Uingereza. O'Kane alikuwapo, na miaka mingi baadaye aliendelea kumtetea mkuu wake. Waandishi wanaompenda huipita habari hii kwa sentensi moja. Ukimchagua O'Kane, usiipite.

Tang ilipiga doria tano tu. Katika ya pili, karibu na kisiwa cha Truk, iliokoa marubani na wanaanga 22 wa Marekani walioanguka baharini, kazi iliyomlazimu kukaa juu ya maji mchana mbele ya mizinga ya adui. Katika ya tatu, Juni na Julai 1944, ilizamisha meli 10 kwa hesabu ya kamati, na hakuna doria ya Mmarekani yeyote iliyozidi idadi hiyo. O'Kane alipendelea kushambulia usiku, akiwa juu ya maji, akijipenyeza ndani ya msafara wenyewe mpaka meli za adui ziko kulia na kushoto kwake. Huko ndani walinzi huogopa kupiga wasije wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye karatasi ni hesabu rahisi. Kuifanya, ukiwa umesimama kwenye roshani ya chombo na meli zinapita karibu pande zote, ni habari nyingine.

Doria ya tano ilikuwa mlango-bahari wa Taiwan. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 1944 Tang ilikuwa imebakiwa na topido mbili kati ya 24. Zote zilikuwa za umeme, aina ambayo haiachi mkia wa mapovu, na zililengwa kwenye meli iliyokwisha kuumizwa. Ya kwanza ilienda moja kwa moja. Ya pili ilichomoza juu ya maji, ikakata kushoto, na kuanza kuzunguka. O'Kane aliiona. Aliamuru mwendo wa dharura na usukani hadi mwisho, akijaribu kuitoa tezi kwenye njia yake. Hazikupita hata nusu dakika. Topido iliipiga Tang tezi, na chombo kikashuka kwa upande huo mpaka kikakita sakafu ya bahari, mita 55 chini.

Watu tisa waliokuwa juu, pamoja na O'Kane, walibaki wanaelea. Watatu wakafika asubuhi. Ofisa mmoja aliponyoka kutoka chumba cha usukani. Wengine wapatao 30 walijikusanya chumba cha topido cha omo, moto wa umeme ukiwaka nyuma ya mlango na juu yao mabomu ya kina yakilipuka. Walikuwa na mifuko ya kupumulia iliyobuniwa na Charles Momsen, ambayo jeshi lilikuwa likiifanyia mazoezi kwa miaka na haikuwahi kumwokoa mtu vitani. Watu 13 walipita kwenye tundu la kutokea, wakipanda kwa kamba ya boya taratibu ili mapafu yasipasuke. Waliofika juu na kuwahi kuokotwa ni watano. Kati ya watu 87 wa Tang, walipona 9.

Meli ya Kijapani iliyowaokota asubuhi ilikuwa imebeba pia manusura wa meli ambazo Tang ilizizamisha usiku, wengi wakiwa wameungua. Hao ndio waliowapiga mateka. O'Kane aliandika baadaye kwamba walipotambua wanaowapiga ni watu waliojeruhiwa na kazi ya mikono yao wenyewe, mapigo yale yalivumilika kidogo. Halafu zikafuata kambi za Ofuna na Omori. Ofuna ilikuwa ya siri, na Msalaba Mwekundu haukupewa majina, kwa hiyo nyumbani familia hazikujua kama kuna aliye hai. Alipoachiwa Agosti 1945 alikuwa na uzito wa kilo 40. Rais Truman alimvisha nishani Machi 1946. Alifariki mwaka 1994.

Fluckey: aliyekataa kupoteza watu

Eugene Fluckey alizaliwa Washington mwaka 1913 na kuichukua Barb Aprili 1944, chombo kilichokwisha kupiga doria saba kabla yake bila sifa kubwa. Alipewa Nishani ya Heshima na Misalaba ya Jeshi la Majini minne. Yeye mwenyewe alisema anachojivunia zaidi ni kwamba hakuna baharia wa Barb aliyepewa nishani ya majeruhi wakati wa uongozi wake.

Ukitaka nahodha anayefikiri nje ya mafunzo, ndiye huyu. Januari 1945 meli za Kijapani zilikuwa hazionekani tena usiku kwenye pwani ya China. Fluckey akakisia kwamba zinasafiri mchana zikiambaa na pwani, na usiku zinatia nanga. Akaenda kuzitafuta zilipolala, akijichanganya na mashua za wavuvi ili asionekane wa ajabu, akazikuta zaidi ya 30 Namkwan. Maji pale yalikuwa ya mita 9 hivi, kina kisichotosha kupiga mbizi. Alirusha topido 8 na kukimbia juu ya maji saa nzima, kwa mwendo wa noti 23 na ushei, katikati ya miamba na maji yasiyo na ramani ambamo huenda mabomu yametegwa.

Septemba 1944 alikuwa amefanya jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi. Meli ya Rakuyo Maru, iliyobeba mateka Waingereza na Waaustralia waliojenga reli ya Burma, ilikuwa imezamishwa na nyambizi nyingine ya Marekani isiyojua waliomo. Barb na nyambizi mwenzake Queenfish zilitumwa kuwatafuta manusura. Njiani Barb ilikutana na msafara, ikaizamisha meli ya kubebea ndege Un'yo na meli ya mafuta kwa mfululizo mmoja wa topido, kisha ikaendelea na safari na kuwaokota mateka 14 waliokuwa wakielea siku ya tano, wamepakaa mafuta meusi mwili mzima.

Na kuna garimoshi. Julai 1945, Karafuto, upande wa Sakhalin uliokuwa wa Japani. Fluckey alikuwa akitazama magarimoshi yakipita ufukweni na kutaka kulipua moja. Tatizo: nani abaki reli­ni kubonyeza? Fundi umeme Billy Hatfield akakumbuka utoto wake, walipokuwa wakiweka kokwa chini ya reli ili uzito wa garimoshi uzivunje. Wakatengeneza swichi ya namna hiyo, ikakaa chini ya reli na kungoja reli ipinde. Watu wanane walipiga makasia hadi ufukweni usiku wa kuamkia 23, wakachimba kwa mikono na vifaa vya kujitengenezea, na katikati ya kazi garimoshi likawapita wakiwa wamelala vichakani. Walikuwa bado baharini wakirudi pale la pili lilipofika na kuruka. Bendera ya Barb, pamoja na alama za meli, ina picha ya garimoshi. Garimoshi lile lilikuwa pia na mabehewa ya abiria, jambo ambalo wasimulizi wanaocheka kwenye habari hii hulipita upesi.

Shida yangu na Fluckey ni ndogo lakini ipo. Anasimulia vizuri mno. Alistaafu akiwa admirali, akaishi hadi 2007, akaandika kumbukumbu zenye mvuto, na kila jambo linamwendea sawa. Msomaji mgeni anaweza kutoka na dhana kwamba nyambizi ni mchezo wa watu werevu. Marekani ilipoteza nyambizi 52 katika vita vile.

Basi uchague nani

Mwanafunzi mwenye insha ya kurasa chache amchukue Wanklyn. Ana mahali pamoja, Malta. Lengo moja, njia ya Libya. Na miezi 15 tu tangu kufika hadi kupotea. Ramani moja inatosha, na vita vya jangwani unavyovisoma kwenye vitabu vya shule vinapata maelezo ya kwa nini mafuta hayakufika. Hatahitaji kujua mitambo mingi.

Aliye na jukumu la kuongoza watu, awe meneja au mkuu wa shule au nahodha wa jahazi, atapata kwa Fluckey mengi ya kutumia, hasa namna alivyosikiliza wazo la fundi wake na kulifanya kazi. Na kwa msomaji ambaye hapendi vitabu vizito, huyu ndiye hatamchosha.

Lakini ukiniambia una nafasi ya mmoja tu, nitakuambia O'Kane, na sitasita. Anayo kazi bora kabisa ya ufundi kwenye doria ya tatu, anayo doa la Wahoo linalokulazimisha kufikiri, na ndiye pekee kati ya hawa aliyekaa sitaha moja na watu aliowazamisha na akaishi kuandika alichokiona. Pia ndiye anayepimika. Alieleza mwenyewe, ripoti za doria za Marekani hazina siri tena na nakala zake zinapatikana mtandaoni, na hesabu ya kamati ipo ya kuzipima. Yote ni Kiingereza, ila ripoti za doria huandikwa kwa sentensi fupi za saa na dakika. Mwenye Kiingereza cha sekondari ataziweza.

Usianze na doria ya tano ingawa ndiyo yenye kisa. Anza na ya tatu, siku kwa siku, ukiwa na ramani ya Bahari ya Manjano mkononi. Weka pembeni meli anazosema alizamisha, kisha angalia orodha ya kamati na uone zipi zimebaki, zipi zimefutwa, na zipi zilizama bila yeye kujua. Ukiingia ya tano baada ya hapo, utakuwa tayari umejua alikuwa nahodha wa namna gani kabla topido ile haijakata kushoto.